Nusu ya Ukuta

Watu wa Mahajanga walikuwa na neno lao juu yangu: yule mwanamke anajengea mji mzima na mwenyewe analala nyumba ya kupanga. Walilisema kwa Kimalagasi, kwa Kikomoro, na wale wa maofisini kwa Kifaransa, na kote lilikuwa na ladha ileile ya umbea. Mimi nayaandika haya kwa Kiswahili, lugha niliyoachiwa na bibi yangu aliyetoka Unguja, kwa sababu Kiswahili kina jibu lake tayari: mfinyanzi hulia gaeni. Nikishamtafsiria mtu hivyo tulicheka, na maneno yakaishia hapo. Ukweli ni kwamba nyumba nilikuwa nayo. Ilikuwa Nosy Be, kuta zimeishia madirishani, na sebuleni mmeota mpapai.

Kwetu sisi tuliotoka Komoro, nyumba ni ya mwanamke. Mtu akipata binti anaanza kukusanya mawe. Binti akiolewa, mume ndiye anayehamia na sanduku lake, na wakikosana mume ndiye anayetoka na sanduku lake. Baba yangu alikuwa fundi wa nyumba, kwa hiyo yangu ilitazamiwa iwe ya kupigiwa mfano. Lakini fundi hujengea wengine kwanza. Yangu aliiendea siku za Ijumaa baada ya sala, mawe mawili matatu, kisha mtu humwita akaenda kumtazamia paa lake. Niliolewa nikiwa naingoja, nikazaa binti nikiwa naingoja, na mume akabeba sanduku lake akaenda zake nikiwa bado naingoja. Baba akafa kwa homa msimu wa mvua.

Nilimkasirikia. Najua maiti hakasirikiwi, lakini mimi nilimkasirikia, na siku ya tatu ya matanga nilisema mbele ya wanawake wote kwamba hakuna atakayeweka jiwe juu ya mawe yake, hata mimi mwenyewe. Wanawake wakaguna. Mama akaniambia nina ulimi wa upanga. Nikaondoka Nosy Be na mwanangu mgongoni.

Kabla sijaendelea, nieleze namna tulivyokuwa tukilala, kwa sababu ndiko mambo yalikorudi. Nilipokuwa mdogo baba alinichukua kwenye kazi zake za mbali, Andilana na kwingineko. Tulilala kwenye vibanda vya mafundi, juu ya mkeka mmoja mrefu uliotandikwa kando ya ukuta. Baba alilala nusu ya juu, kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kibla ya kisiwani kwetu ni kaskazini, kwa hiyo alikuwa akiutazama ukuta. Mimi nililala miguuni pake, kwenye nusu iliyobaki. Nikija kulala alikunja miguu kunipisha, akisugua wayo mmoja kwa mwingine kupukuta mchanga. Nikishatulia aliinyoosha tena taratibu mpaka kidole chake kikanigusa utosini, ajue nipo.

Mahajanga niliingia kwa mlango wa nyuma. Mfaransa mmoja mwenye kampuni ya kujenga nyumba alitaka mtu wa kuagiza saruji na kugombana na mafundi, na kugombana nilikuwa nakujua. Mjomba wangu, kaka wa mama, alinifuata baadaye na mzigo wa vifaa vya baba ili awe mkuu wa waashi. Uhuru ulipokuja na bendera ikabadilishwa, Mfaransa akavumilia kidogo, akaona barua za serikali zimeanza kuja na majina asiyoweza kuyatamka, akauza. Nilinunua mimi pamoja na mfanyabiashara mmoja wa mabati ambaye hakutaka kuonekana. Asubuhi moja nikakaa kwenye kiti cha Mfaransa, kiti kikubwa cha ngozi kinachonata mapajani wakati wa joto, na wafanyakazi wakapita mmoja mmoja mlangoni kutazama kama kweli nimekaa. Nimekaa, nikawaambia, na sasa nendeni kazini.

Miaka ile ilikuwa mizuri kwa mjenzi. Kila karani, kila muuguzi, kila askari wa forodha alitaka nyumba ya ukuta yenye bati, asitake tena kusikia habari ya makuti. Tulipata kiwanja Belobaka, nje ya mji kwenye barabara iendayo bara, ardhi nyekundu isiyo na mti wa maana. Tukajenga safu ya nyumba zinazofanana: sebule, chumba, uani jiko. Mjomba ndiye aliyekuwa akipima. Utepe wa chuma tulikuwa nao, lakini yeye aliudharau, alisema unapinda kama ulimi wa wakili. Alipima kwa ufito wa mkandaa wenye pete mbili za moto kwenye ncha, alama ya baba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alizipapasa zile pete kwa kidole gumba, akaridhika kwamba huu ndio ufito wa shemeji yake, akaulaza chini. Fito mbili urefu wa chumba, fito mbili upana.

Mchora ramani wangu, kijana aliyesomea Ulaya na viatu vyake havikuwahi kushika tope, alikuja ofisini kulalamika.

"Madama, vyumba ni vifupi kuliko ramani."

"Basi fupisha ramani," nikamwambia.

Nilijiona mjanja. Seremala naye akaleta habari kwamba vitanda haviingii vizuri, nikamwambia afupishe vitanda.

Wa kwanza kuja alikuwa muuguzi, mama mtu mzima kutoka nyanda za juu, Mkristo, mtaratibu sana. Alikaa, akakunja shali yake, akasema, "Madama, nimekuja kuuliza kama kwenye mkataba wangu nyumba ile ina mtu mwingine."

Nikamwuliza mtu gani.

"Amelala chumbani. Chini, kando ya ukuta. Hanisumbui. Nataka tu kujua kama nimpishe au anipishe."

Nilidhani uchungu wa kazi za hospitali umemchosha. Nikamwahidi kutuma mtu aangalie dirisha. Wiki ile ile akaja askari wa forodha, Msakalava, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kuamrisha, na siku ile hakuwa na sauti. Aliniambia amemwaga ramu pembe ya nyumba kama ilivyo desturi yao, amewaita wazee wake, na wazee hawamjui mgeni huyu. "Lolo wetu ningemjua," alisema, naye kwa lolo alikuwa na maana ya mzuka. "Huyu ni wenu. Analala kwa ubavu wa kulia na uso wake uko kaskazini."

Muuguzi na yule askari hawakujuana. Nyumba zao zilikuwa mbalimbali, kila moja upande wake wa safu.

Nikaenda mwenyewe, mchana jua la utosi, kwa sababu mimi si mtu wa kuogopeshwa na wapangaji. Nilipita nyumba hadi nyumba nikijifanya natazama nyufa. Na katika kila nyumba niliona jambo lilelile. Ukuta wa kaskazini wa chumba ulikuwa mtupu. Kitanda kimesogezwa, kabati limesogezwa, cherehani ya mke wa karani imesogezwa, hata vyungu vya maua vimetolewa, na sakafu ya pale imefagiliwa vizuri kuliko penginepo. Nilipouliza, kila mmoja alipata sababu yake: joto, panya, rangi inabanduka. Wawili watatu tu ndio waliosema kweli, na wote walisema namna moja. Amelala nusu ya ukuta, upande wa mashariki. Nusu nyingine, ya miguuni, ameiacha wazi.

Nyumba hizo zilikuwa zimekauka tangu kiangazi cha mwanzo, lakini nilipoinama karibu na ukuta ule nilisikia harufu ya chokaa mbichi na, chini yake, harufu ya langilangi. Kule Nosy Be langilangi hulimwa mashamba kwa mashamba kwa ajili ya manukato, na nguo zetu zote zilinukia hivyo. Belobaka hakuna hata mche mmoja. Nilitoka nje haraka kuliko nilivyoingia. Nilimkaripia dereva bila kosa, tukarudi mjini.

Wapangaji wakaanza kuhama. Sikujali sana, wengine wangekuja. Kilichonikaa rohoni kilikuwa nyumba ya mwisho wa safu, yenye baraza. Ile ilikuwa ya mwanangu.

Alikuwa amekwisha kuposwa na karani wa bandari, kijana wa watu, na ahadi ilikuwa baada ya Ramadhani. Bila nyumba hakuna harusi, bwana harusi ataingia wapi na sanduku lake? Nilikuwa nimejiapia tangu anaanza kutambaa kwamba mwanangu hatangoja kama nilivyongoja mimi. Nyumba yake ilikuwa na bati jipya, milango ya rangi ya kijani, na mapazia ya darizi niliyoyaagiza kwa wanawake wa Nosy Komba, yenye matundu ya maua ambayo jua likipita huchora ukutani. Sikumwambia kitu juu ya nyumba nyingine. Nilijisemea kwamba yake ni mpya, hajalala mtu, haina neno.

Alikwenda kuyatundika mapazia mwenyewe, asubuhi. Kabla ya adhuhuri rikisho likasimama mlangoni petu, naye akateremka na mapazia yamekunjwa mikononi vilevile nilivyomkabidhi.

"Mama, yupo," alisema.

"Nani yupo?"

"Mzee wa wapangaji wako. Unadhani sijui? Mji mzima unajua." Akakaa chini mlangoni. Hakuwa akilia, na hilo lilinitisha zaidi. "Alikuwa ameelekea ukuta. Nilipoingia akasikia. Hakugeuka. Alikunja miguu."

"Alikunja vipi?"

"Kunipisha. Kama mtu anayempisha mwenzake kitandani."

"Nionyeshe."

Akalala pale pale sakafuni, ubavu wa kulia, akavuta magoti. Kisha akasugua wayo mmoja kwa mwingine, taratibu, kama mtu anayepukuta mchanga.

Mwanangu hakumwona babu yake akilala hata siku moja. Alikuwa mtoto wa mgongoni tulipoondoka, na mimi sikuwa nimemsimulia habari za vibanda vya Andilana, kwa ile hasira yangu. Nilishika kizingiti. Nilisikia baridi ikinipanda kuanzia vidoleni, na Mahajanga mwezi ule hata kivuli kinatoa jasho.

Mke wa mjomba alikuwa jikoni akichambua mchele, na yote ameyasikia. Alisema bila kuinua macho, "Maiti akikupa nafasi ubavuni mwake hakupi bure. Anataka mtu wa kuijaza."

Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na mwanangu alikuwa amelisikia.

Nilimkuta mjomba Belobaka akilaza msingi wa nyumba nyingine. Nikamwambia anipe ufito. Akaniuliza wa nini, nikaupokonya. Ncha moja ilikuwa na pete mbili za moto, kama nilivyozijua tangu utoto. Nikaugeuza. Ncha ya pili ilitakiwa iwe na pete mbili vilevile, kwa sababu baba alichoma ncha zote mbili ili mtu asimwibie hata shubiri moja. Hazikuwapo. Ncha ile ilikuwa imekatwa kwa panga, mkato mmoja wa haraka.

"Nani aliukata huu?"

Mjomba akaupapasa. Alipofika kwenye mkato kidole chake kikasimama. Waashi waliokuwa karibu wakaacha kukoroga zege.

"Siku ile hapakuwa na kamba," alisema. "Mvua ilikuwa kubwa, watu wanaharakisha. Nikaingia uani, nikachukua ufito wake mwenyewe. Nikampima nao, nikaukata."

Kila maiti wa Kiislamu hupimwa ili kaburi limtoshe, na kijiti au kamba ya kumpimia inaitwa chenezo. Chenezo hakirudi nyumbani. Kinaachwa kulekule na mwenyewe, kwa sababu ni urefu wake, na urefu wa mtu haugawanywi.

"Na kaburi lilipokwisha, mjomba, chenezo ukakiweka wapi?"

Nilimwona akienda nyuma mpaka siku ile, akisimama kwenye mvua ile, mikono ikiwa na udongo.

"Kazi ilikwisha," alisema mwishowe. "Nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka. Fundi haachi vifaa saiti."

"Kaburi si saiti!" nilipiga kelele, na sauti yangu ikaenda mpaka barabarani. Halafu nikamtazama, mzee mzima, mtu aliyempenda baba kuliko ndugu yake wa tumbo moja, nikaona haya. Mkono wake ulifanya siku ile ulichofanya maisha yake yote. Kila chumba cha Belobaka tulikuwa tumekipima kwa maiti, mara mbili urefu, mara mbili upana, na kila chumba akaingia mwenyewe kujilaza kwenye kipimo chake.

Tulisafiri kwa meli ya mizigo kwenda Nosy Be, mimi na mjomba, ufito umefungwa kwenye kanga. Mabaharia walidhani ni fimbo ya kuvulia samaki, na sikuwasahihisha. Mwanangu nilimwacha kwa jirani, nikamkataza asitoke mjini. Kwenye makaburi mjomba aliingia na maalimu, mimi nikasubiri nje ya ukuta kama wanawake wengine. Walisoma, wakakifukia chenezo kando ya baba kwa urefu wake. Mjomba alitoka na macho mekundu.

"Sasa atatulia," nikasema.

"Sijui," alisema mjomba. "Ufito ulimwonyesha njia tu. Alichokwenda kukitafuta hakiko kaburini." Akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu. "Amelala nyumba baada ya nyumba, mwanangu, na kila nyumba anaacha nafasi ileile. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala miguuni pake. Si mtoto wako."

Hapo ndipo nilipolia, baada ya miaka yote ile, na nililia kwa kelele, mpaka maalimu akaona vema aende zake.

Niliung'oa mpapai kwa mikono yangu. Waashi niliwaita kutoka Mahajanga, mawe nikachukua palepale ya baba, na juu ya mawe yake nikaweka jiwe. Kampuni niliiachia mchora ramani kwa muda, na nilimwambia nyumba zote zitakazofuata azipime kwa utepe wake wa chuma. Aliniona nimeugua. Tulipopima chumba ambacho baba alikiweka msingi mwenyewe, kilikuwa kirefu, chenye hewa, kimetimia. Baba hakuwa mtu wa kufupisha.

Siku bati lilipokwisha kupigwa niliwaambia waashi waende wakale. Nikatandika mkeka mrefu kando ya ukuta wa kaskazini. Alasiri ilikuwa nyeupe nje, na watoto wa jirani walikuwa wakitwanga kitu. Nitasema kweli: niliogopa. Neno la mke wa mjomba lilikuwa bado masikioni, kwamba nafasi hiyo hujazwa. Lakini kama ni kujazwa, mwenyewe ndiye mimi, na mwanangu ana harusi yake. Nikajilaza upande wa magharibi, nusu ya miguuni, ubavu wa kulia, uso ukutani. Nikafumba macho.

Kwanza ikaja harufu, chokaa mbichi na langilangi. Chokaa ilikuwa mbichi kweli na mashamba ya langilangi yako karibu, kwa hiyo nilijiambia hiyo si kitu. Kisha nikasikia nyuma ya utosi wangu mchanga ukipukutwa, wayo juu ya wayo, polepole. Sikugeuka. Nilitaka kusema neno, la kumlaumu au la kumwomba radhi, na ulimi wangu wa upanga haukupata hata moja. Halafu kidole kikubwa kikanigusa utosini, baridi, kikakaa.

Niliamshwa na waashi wakinigongea mlango, wanataka funguo za stoo. Nilikuwa hai, na nina njaa.

Mwanangu aliolewa baada ya Ramadhani kama tulivyoahidi, katika nyumba ya Belobaka yenye baraza, mapazia yametundikwa, chumba kimebomolewa ukuta mmoja na kujengwa upya kwa kipimo kingine. Muuguzi alinitumia salamu kwamba amerudisha kabati lake ukutani. Askari wa forodha alisema nyumba sasa ni tupu mno, na nadhani alikuwa amemzoea kidogo. Kampuni niliiongoza miaka mingi baadaye, na nilijenga mitaa ambayo wajukuu wangu hupita bila kujua ni kazi ya bibi yao.

Usiku ule wa harusi mwanangu alinivuta kando, hina mbichi mikononi, akaniuliza kama yule mzee amekwenda kweli. Nikamwambia amekwenda nyumbani. Akaniuliza nyumbani ni wapi, na mimi nikamwambia arudi kwa wageni wake.

Siku hizi ninaishi Nosy Be, katika nyumba yangu. Kitanda ninacho, kizuri, lakini alasiri hutandika mkeka. Wajukuu wakija huuliza kwa nini bibi analala nusu ya mkeka tu, na nusu ya juu anaiacha.